Kabla ya Baridi: Mambo ya Kuzingatia Unapopunguza Vitu Nyumbani na Kuvitoa Msaada

Mvua zikishakata, kuanzia Mei hivi, Nyanda za Juu Kusini hupata wiki chache nzuri sana. Njia za mitaani zimekauka, jua la mchana linatosha kukausha blanketi, na baridi kali ya Juni na Julai bado haijashuka. Mwenye mpango wa kupunguza vitu vilivyojaa ndani na kuwapa wenye uhitaji afanye wakati huo. Wengi husubiri Desemba, mwezi ambao kila kwaya na kila kikundi cha wafanyakazi kinapeleka mchele na juisi kwenye kituo kilekile cha watoto. Desemba ina raha yake, lakini sweta linalotoka kabatini Desemba limeshamkosa mtoto aliyekwenda shule Julai na shati tupu. Makete na sehemu za Njombe, asubuhi za miezi hiyo nyasi huamka zimefunikwa sakitu. Hata Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mtu aliyepanda kutoka Kyela utamjua sokoni kwa anavyojikunyata.

Mpokeaji kwanza, kabati baadaye

Kawaida watu huanza na kabati. Hulifungua, humwaga kila kitu kitandani, hujaza salfeti nne, ndipo huulizana: hivi hizi tunampa nani? Jibu halipatikani siku hiyo wala wiki hiyo. Salfeti hukaa stoo, panya huhamia humo, na mwaka unaofuata kazi inaanza upya na panya juu yake.

Huku kwetu hakuna desturi ya duka la hisani, lile la kufikisha mfuko, kuuacha kaunta na kuondoka. Uingereza na Marekani yako mengi: duka huuza nguo zilizotolewa, fedha zikaenda kwenye shirika. Zisizouzika huuzwa kwa kilo, hufungwa marobota na kusafirishwa, na sehemu yake ndiyo tunayoipekua soko la Mwanjelwa hapa Mbeya belo likikatwa. Kwa hiyo koti lako zuri la baridi huenda limeshatolewa sadaka mara moja na mtu usiyemjua, na wewe ukalilipia. Kinachotufanya tupange zaidi kuliko wao ni kwamba hakuna mtu wa katikati wa kuchambua. Kile unachokifunga ndicho mtu atakachokifungua.

Anza karibu. Kabla ya kufikiria kituo, fikiria nyumba zinazokuzunguka. Kuna bibi anayelea wajukuu baada ya wazazi wao kufariki. Njombe, Iringa na Mbeya zimebeba mzigo wa VVU kuliko sehemu nyingi za nchi, na nyumba za namna hiyo si chache. Kuna mlinzi wa usiku ambaye koti lake limeachia mshono begani. Kuna kijana aliyepangiwa shule ya bweni akapewa orodha ya godoro, shuka, blanketi na ndoo, na baba yake haoni pa kuanzia. Mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa msikiti wanawajua watu hawa kwa majina. Wanawajua pia wanaojifanya.

Namna ya kumpa mtu unayemfahamu inahitaji akili kuliko vitu vyenyewe. Usimwite mbele ya wageni, wala usimpelekee mzigo mchana kweupe watoto wa mtaa wakihesabu. Nenda jioni, salimia, ulizia hali ya nyumbani, kaa kidogo, ndipo useme: "Mama Neema, haya masweta yamembana Baraka, nikaona huenda kwako yakapata mtu." Hapo umemwachia nafasi ya kusema hapana bila kuona aibu. Akikubali, usiulizie tena wiki ijayo kama mtoto ameyavaa. Na kwa dada wa kazi niseme wazi: nguo unazompa ni zawadi, haziingii kwenye hesabu ya mshahara wake, hata kama ni mpya.

Ukiamua kupeleka kwenye makao ya watoto, pita kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni, na ofisa ustawi anajua yapi yanayo. Kuuliza si kumshuku mtu. Kuna nyumba zinazolea watoto kwa uadilifu mkubwa na hazina hata kibao barabarani, na kuna wachache ambao watoto kwao ni mtaji wa kuombea. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama geti.

Ukishajua unakwenda wapi, mpigie mlezi umuulize mambo matatu: watoto ni wangapi na wa umri gani, nini kimepungua, na nini kimezidi. Hilo la tatu ndilo linalokuokolea safari, lakini wengi hawaliulizi. Kituo kinaweza kuwa na midoli ya kujaza chumba na kisiwe na ndala za mtoto wa miaka kumi na minne. Wavulana wakubwa husahaulika sana, maana watu wakisikia yatima huwaza mtoto wa miaka minne. Suruali za jinzi, viatu vya namba kubwa, nyembe na madaftari makubwa havipendezi kwenye picha za makabidhiano, lakini ndivyo vinavyotumika.

Hospitali nazo zina uhitaji wake. Kwenye wodi za wazazi, kama za Meta hapa Mbeya, hufika mama aliyetoka mbali na khanga moja tu mwilini. Khanga safi na nguo za vichanga zilizofuliwa vizuri zina kazi pale. Usipeleke wodini mwenyewe. Hospitali kubwa zina maofisa ustawi wa jamii, pitia kwao, na ukubali wakikuambia wanachohitaji wiki hiyo ni sabuni na si nguo. Magereza vivyo hivyo: uongozi wa gereza ndio unaopanga, askari wa getini hawezi kukusaidia.

Wakati wa maafa utaratibu hubadilika. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlima Kawetere na kufunika nyumba za watu kata ya Itezi, hapa hapa Mbeya. Familia iliyopoteza nyumba kwa tope haiwezi kutumia begi la nguo za sherehe siku ya pili. Inahitaji sufuria, ndoo, godoro, blanketi na nguo kavu za kila mtu wa nyumba. Misaada ya namna hiyo ipitie kwa viongozi wa kata na kamati ya maafa ya wilaya, vinginevyo waliokaa karibu na barabara hupata mara tatu na waliokaa juu hawapati kitu.

Kilicho ndani ya nyumba ni cha nani

Kabla ya kuanza kuchambua, itisha watu wa nyumbani. Kofia ya mzee iliyoliwa na nondo inaweza kuwa ndiyo aliyovaa siku ya harusi yake. Sketi unayoiona haina mwenyewe ina mwenyewe yuko chuo Iringa. Watoto waulizwe pia, hata wadogo. Mtoto aliyechagua mwenyewe gari la kutoa hatalilia usiku, ila aliyenyang'anywa atakumbuka mpaka awe na watoto wake.

Vitu vya marehemu viache kwanza. Kwa familia nyingi za huku, nguo zake hugawiwa na ndugu baada ya matanga, kwa utaratibu ambao wewe kama mke, mume au mtoto huwezi kuuruka hata kama kabati ni lako. Zikishagawiwa, zile ambazo kila mmoja amesema hazihitaji ndizo zinazoweza kutoka nje ya ukoo.

Kabati la vyombo ndilo litakalokushangaza. Nyumba yoyote iliyopitia kicheni pati ina seti tatu za vikombe, hotipoti tano na chupa za chai ambazo hazijawahi kuwekwa chai. Vinangoja wageni, na wageni wakija wanapewa vikombe vilevile vya kila siku kwa sababu vingine viko juu. Hapa usiwe na huruma na vitu. Chupa ya chai nzima inayotunza moto ni mali kubwa kwa mama anayeuza chapati alfajiri Uyole. Sufuria nene, beseni, ndoo zenye mifuniko, sahani za bati: vyote hivi huchukuliwa upesi kuliko nguo. Chupa ya chai ijaze maji ya moto usiku na uipime asubuhi. Iliyopoa si ya kumpa mtu.

Nguo na matandiko

Kipimo changu kwa nguo ni kimoja: je, ningeweza kumvalisha mdogo wangu akapita nayo Kabwe, penye watu wengi mjini Mbeya, saa kumi jioni? Kama jibu linasitasita, hiyo ni ya matambara. Zipu ivutwe mpaka juu. Vifungo vihesabiwe, na vilivyopotea vishonwe vingine. Fundi cherehani wa kibarazani atazimaliza zote kwa bei ya soda chache. Makwapa yanuswe bila aibu. Nguo zilizokaa stoo kipindi cha mvua hushika ukungu, na ukungu hautoki kwa kuanika tu: zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, zikauke kabisa juani, zipigwe pasi. Kama nyumbani kulikuwa na upele, chawa au kunguni, fua kila kitu kwa maji ya moto kweli, maana bwenini mdudu mmoja hupita kitanda kwa kitanda.

Nguo za ndani zilizovaliwa usitoe. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilishapiga marufuku kuuza za mitumba, na hata bila marufuku, heshima inatosha. Ukitaka kusaidia upande huo nunua mpya, pamoja na taulo za kike. Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii ni nguo zinazofanana na za jeshi. Jaketi la madoa ya kijani ulilolinunua kwenye belo bila kuwaza linaweza kumtia mpokeaji matatani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya aina hiyo. Usimrithishe mtu kesi, lipeleke polisi. Fulana za kampeni, za chama chochote, mimi huwa nazikata ziwe za kudekia. Sidhani kama mtu anayepokea msaada anapaswa pia kubebeshwa tangazo.

Masweta ya shule ni habari ndefu kidogo. Mashati meupe na kaptula au sketi za buluu huhamishika kati ya shule nyingi za msingi za serikali, lakini rangi ya sweta hutofautiana shule na shule, na zile za shule binafsi zina nembo kifuani. Usirundike yote salfeti moja. Mpelekee mwalimu mkuu wa shule yenye rangi hiyo; yeye anawajua watoto wanaokuja wamejifunika khanga ya mama. Ada imeondolewa shule za serikali, ila sare bado ni ya mzazi, na kwa mwenye watoto wanne sweta ndilo la kwanza kuachwa.

Usitupe kofia pana na mashati ya mikono mirefu. Tukihisi baridi tunasahau jua la mwinuko huu, lakini watu wenye ualbino hawawezi kulisahau. Ulizia kwenye shule zenye watoto hao, au kwa ofisa ustawi.

Blanketi ni jambo la kipekee. Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha wakalala. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima huweza isiamke. Blanketi zito linalomfanya mtu aache jiko nje ya mlango lina thamani kuliko nguo kumi za kutokea. Kwa hiyo kama una mablanketi mawili yaliyochakaa katikati, yashone pamoja yawe moja nene kabla ya kuyatoa. Godoro likague chini na juu. Lenye madoa makubwa au lililobonyea katikati halitolewi. Lililo zima litolewe pamoja na shuka yake, kama unavyomtandikia mgeni.

Vitabu, vifaa vya umeme na simu

Vitabu vya kiada viangaliwe mwaka. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, hivyo vitabu vya madarasa yaliyokwisha kubadilika vinaweza kumpotosha mtoto anayejiandaa na mtihani. Muulize mwalimu kabla ya kubeba boksi zima. Hadithi, kamusi, ramani na vitabu vya picha havina shida hiyo. Madaftari yaliyoandikwa nusu yakatwe kurasa zilizotumika, yaliyobaki ni ya kufanyia hesabu.

Kifaa cha umeme kichomeke na ukiache kifanye kazi muda mzuri. Pasi inayowaka dakika mbili kisha ikazima si msaada, ni gharama ya fundi unayoihamishia kwa mwingine. Waya iliyofungwa gundi ya plasta ibadilishwe. Mtungi wa gesi usitolewe bila muuzaji au fundi kuangalia mpira na regulata, na mpokeaji aonyeshwe namna ya kuufunga.

Simu na kompyuta zina mtego wake. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Hamisha picha na namba zako. Kisha ondoa akaunti yako ya Google, au ya iCloud kama ni iPhone, kabla ya kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, ikiwashwa tena itamdai mpokeaji nywila yako, na pasipo nywila hiyo haina kazi. Jambo la pili ni karatasi. Kijana akikutwa na simu nzuri asiyoweza kueleza ilikotoka, anaweza kuitwa mwizi. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iandike pamoja na aina ya simu, jina lako, jina lake na tarehe, msaini wote wawili. Kama risiti ya dukani ipo, mpe.

Dawa hazigawiwi. Zilizobaki na zilizopitwa na wakati zipeleke famasi au kituo cha afya waziharibu kwa utaratibu. Magongo na viti vya magurudumu vipelekwe idara ya mazoezi ya viungo hospitalini, maana kiti kisicholingana na mwili wa mtu humtia vidonda. Miwani ya macho iliyopimwa kwa ajili yako ni yako.

Mwisho wa kuchambua, na kabla ya kufunga chochote, pitisha mkono kwenye kila mfuko na kila pochi, fungua kila kitabu na kukitikisa. Hapo hutoka kadi za kliniki, kitambulisho cha NIDA kilichoombewa kipya, barua za mkopo, noti za elfu kumi, na picha za watu ambao hawapaswi kuonekana na mke wa pili.

Kufunga, kubeba na kukabidhi

Funga kwa mtu, si kwa aina. Boksi lenye sweta, suruali, soksi na viatu vya mtoto wa miaka minane linamwendea mtoto mmoja akatoka amevaa kamili; salfeti la suruali hamsini humpa mlezi kazi ya siku nzima. Viatu vifungwe kamba pea kwa pea. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo haifai kwa nguo. Maboksi ya dukani, viroba vilivyooshwa na yale mabegi makubwa ya shangazi kaja vinatosha, na shangazi kaja lenyewe ni msaada. Andika juu kwa kalamu nene: jinsia, umri, kilichomo.

Usafiri upangwe mapema na ulipiwe na mtoaji. Ni jambo dogo linalosahaulika: kituo hupigiwa simu kwamba mzigo uko tayari mtaa wa Soweto hapa Mbeya, waje wauchukue, na nauli ya kirikuu inakuwa kubwa kuliko thamani ya nguo. Kwa mjini guta au bajaji inatosha. Kwa Makete, mzigo ukipanda kupitia Isyonje na Kitulo unategemea hali ya njia, ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri mvua; ukipitia Njombe ni mbali zaidi lakini ni lami. Ukituma kwa basi, mtumie mpokeaji picha ya risiti ya mzigo na umtajie saa ya kufika.

Siku ya kukabidhi nenda na orodha mbili zinazofanana, moja ibaki kwao na saini, moja urudi nayo. Picha wapigwe watu wazima na maboksi. Watoto wa makao wana haki ya faragha, na miaka kumi baadaye mmoja wao anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo ambaye hataki kuonekana mtandaoni ameshika sabuni yako. Mlezi akikutajia kuwa hairuhusiwi, usibishane.

Wakikataa kitu, kirudishe kwenye bajaji bila kununa. Huenda wana kabati lao lililojaa. Vyuma, sufuria zilizotoboka na pasi zilizokufa vina wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mtaani na mizani yao. Plastiki ngumu vilevile. Nguo zilizochoka gereji yoyote ya Mafiati itazipokea za kufutia oili. Ukipata shilingi kidogo kwa vyuma hivyo, nunua sabuni ya mche na uipeleke kituoni safari ijayo, na kabla hujaondoka leo muulize mlezi safari hiyo ijayo iwe mwezi gani.